Upendo Usiotambulika Huumiza Mwili

Mwanamke mmoja wa mjini Lodwar alifika kwangu mara tatu katika muda wa miezi minne, kila mara akilalamika juu ya kichwa kumuuma na moyo kwenda mbio. Alikuwa na umri wa miaka 38, mama wa watoto wanne, na ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa ana shinikizo la juu la damu. Mara ya kwanza nilipompima, shinikizo lilikuwa 160 kwa 100. Nikamwongezea dawa. Mara ya pili lilikuwa 165 kwa 102. Nikambadilishia dawa. Mara ya tatu lilipanda hadi 168 kwa 104, nami nikaanza kuwaza kumpeleka kwa madaktari wa figo na moyo.

Alipokuja mara ya nne, muuguzi wetu, mama wa makamo aliyezaliwa huko huko Turkana, alinivuta kando akaniambia, "Daktari, kabla hujaandika, muulize kama anazimeza."

Nilimwuliza. Alitazama sakafu kwa muda, kisha akasema, "Sizimezi, daktari. Nizimeze niishi kwa ajili ya nani? Baba watoto amenisahau."

Mumewe alikuwa mwashi mjini Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miezi mitatu. Nilipompigia simu alikuja siku ya pili yake, vumbi la barabarani likiwa bado miguuni. Nilimweleza aliyoyasema mkewe, naye akashangaa kweli kweli. "Nimemsahau vipi, daktari? Ijumaa gani sijatuma pesa? Mimi ninalala kwenye stoo ya saruji ili nisilipe kodi, watoto wapate kula. Mama yake alipougua nilimpeleka mbuzi wawili. Sasa kumkumbuka ni kupi?"

Mkewe akajibu kwa sauti ndogo, "Pesa ninaziona. Sauti yako ndiyo siisikii."

Nimeyabadilisha mambo machache katika kisa hiki ili wahusika wasitambulike, nao walinikubalia nikisimulie. Ninakisimulia kwa sababu mbili. Kwanza, ni kosa langu mwenyewe: mara tatu niliongeza dawa bila kuuliza kama iliyopo inatumiwa. Pili, katika miaka yangu ya kutibu watu nimejifunza kwamba magonjwa mengi yanayoletwa kliniki yana uzi mmoja unaoelekea nyumbani. Katika nyumba nyingi upendo upo, lakini anayeutoa na anayeupokea hawasikilizani.

CHANZO CHA FIKRA HII

Fikra kwamba watu hupenda kwa njia tofauti ilienezwa sana duniani na Gary Chapman, mchungaji wa Kibaptisti na mshauri wa ndoa huko North Carolina, Marekani. Mwaka 1992 alitoa kitabu ambamo alisema kuwa kuna lugha tano za upendo. Mwaka huo huo ndio kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea vijana na watoto waliokimbia vita vya Sudan. Mambo hayo mawili hayahusiani, lakini nimeona mara nyingi jinsi fikra ya Chapman inavyopata mtihani mgumu huko Kakuma kuliko katika sebule za Marekani.

Njia tano alizozitaja ni hizi:

1. Maneno mema: kusifu, kushukuru, kutia moyo na kusema wazi kuwa unampenda mtu.

2. Muda wa kuwa pamoja: kuketi na mtu na kumsikiliza bila haraka.

3. Zawadi: kumpa mtu kitu, kikubwa au kidogo, kinachoonyesha kuwa ulimkumbuka.

4. Matendo ya msaada: kumchotea maji, kumpikia, kumtengenezea paa, kumpeleka hospitali.

5. Kugusana: kushikana mikono, kukumbatiana, kumpakata mtoto na, kwa wenye ndoa, tendo la ndoa.

Kwa maelezo yake, kila mtu ana njia moja inayomgusa zaidi ya nyingine, na aghalabu humpa mwenzake upendo kwa njia ile ile anayoipenda yeye mwenyewe. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Mwashi wetu wa Kakuma alizaliwa na baba ambaye hakuna mtu aliyepata kumsikia akimwambia mkewe neno tamu. Lakini baba huyo, wakati wa ukame, alichimba kisima katika mchanga wa laga kwa mikono yake, akahakikisha mkewe na watoto wamekunywa kabla ya mifugo. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kuwa kupenda ni kutenda. Mkewe alilelewa mjini na mama aliyekuwa akizungumza na wanawe tangu kuamka hadi kulala. Kwake yeye nyumba iliyo kimya ni nyumba iliyokufa.

MBUZI NI MANENO

Msomaji anayeishi Nairobi au Mombasa huenda akadhani kuwa wafugaji hawana mapenzi kwa sababu haoni wake na waume wakishikana mikono njiani. Hilo ni kosa. Kwa Waturkana upendo una vyombo vyake.

Mahari ya Kiturkana hulipwa kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata punda, na ni nadra mtu mmoja kuyatoa peke yake. Ndugu wa baba, wajomba na marafiki huchangia. Kila mnyama aliye katika kundi hilo ana mtu aliyekubali kuachana naye. Kwa hiyo bibi arusi anapoona mifugo ikiingia bomani kwao, anaona idadi ya watu waliosimama nyuma ya mumewe. Shanga nazo husema. Msichana hupewa shanga tangu utotoni, na nyingi alizo nazo shingoni anapokuwa mtu mzima zina historia: hizi za baba, hizi za mume.

Wanawake nao hujenga. Katika maboma ya Turkana mwanamke ndiye ajengaye kibanda cha familia kwa fito na majani ya mkoma, naye ndiye ajuaye upande upi utawakinga watoto na upepo wa jioni. Mwanamume akirudi malishoni akakuta kibanda kimekarabatiwa na maziwa ya mgando yamehifadhiwa kwa ajili yake, amepokea barua ndefu, ingawa hakuna aliyeandika.

Hata wadini nimekuta jambo hili. Mzee mmoja aliyelazwa kwa kifua kikuu aliniambia kuwa watoto wake hawampendi, maana walimpigia simu kila siku lakini hakuna aliyeleta mbuzi. Wanawe, waliokuwa wakifanya kazi Eldoret na Nairobi, walidhani wametimiza wajibu. Nilipowaeleza, mmoja wao alimwomba binamu yake apeleke mbuzi mmoja tu nyumbani kwa mzee. Mzee hakumla mbuzi huyo. Aliuliza rangi yake, akatabasamu, na tangu siku hiyo hakubishana tena na wauguzi kuhusu vidonge. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita, na mgonjwa anayekata tamaa katikati hujihatarisha yeye na wenzake, kwani viini vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Mbuzi yule alikuwa sehemu ya matibabu.

Historia ya Lodwar yenyewe ina mfano wa njia nyingine. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipomtoa Mzee Jomo Kenyatta katika jela ya Lokitaung, ilimweka Lodwar chini ya amri ya kutotoka. Mkewe, Mama Ngina, alikwenda kuishi naye katika joto lile. Kuna wakati ambapo zawadi wala maneno hayatoshi, na kinachotakiwa ni mtu kuja kuketi karibu nawe.

KAKUMA: MTOAJI ASIPOKUWA NA KITU

Kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani yake yana takriban watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na nchi nyingine. Wengi wao hula kwa mgao unaotolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao huo ulishushwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Watu waliandamana. Mengi yaliandikwa juu ya njaa, na ilikuwa haki yaandikwe. Lakini kuna jambo ambalo halikuandikwa sana, nalo ni yale yaliyoingia kati ya mume na mke.

Nilimwona mkimbizi mmoja kutoka Kongo, baba wa watoto watatu, aliyeletwa na mkewe kwa sababu hakulala usiku na alikuwa amekonda. Mke alikuwa na shutuma nzito: mumewe hutoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia, naye aliamini kuwa ana mwanamke mwingine. Nilipobaki na mume peke yake alilia. Alisema, "Daktari, kwetu mwanamume hufika nyumbani na kitu. Samaki, muhogo, hata sukari robo. Sasa nitaingia vipi mikono mitupu, watoto waitazame? Ninakaa kando ya mto Tarach mpaka nijue wamelala." Nilimwuliza kama amewahi kufikiria kuwa afadhali afe. Alisema amefikiria.

Hiyo ilikuwa hali ya hatari, na hatukuicheza. Alianza kuonana na mshauri wa afya ya akili siku ile ile, na baadaye akapewa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa kusononeka. Lakini katika kikao cha pili tulimwita mkewe. Mume alipomweleza mahali alipokuwa akishinda, mama yule alinyamaza, kisha akamwambia, "Baba watoto, njaa ninaijua, sikuiletewa na wewe. Mimi nilitaka uje uketi hapa, tuwe wote."

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Wanaume wengi wameimeza methali hiyo hadi ikawaletea ugonjwa. Lakini Waswahili hao hao husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu ambaye njia yake ya kupenda ni kuleta kitu, akikosa kitu hujiona hana upendo wa kutoa, hata hujificha na wale wanaomtamani. Ni vizuri mtu huyo aambiwe wazi kuwa anayo njia nyingine.

Huko Kakuma nimeona pia nguvu ya maneno. Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita, na kuwawezesha kupiga simu au kutumiana ujumbe mfupi wa habari za familia. Ujumbe kama huo hauna pesa wala zawadi ndani yake. Nimewaona watu wakiubeba mfukoni hadi karatasi inakatika kwenye mikunjo.

MWILI HUELEWA UPENDO

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanahusu nini na ukurasa wa afya? Yanahusu sana.

Mtu anayejiona yuko peke yake huishi kama aliye hatarini. Mwili wake hutoa homoni za tahadhari, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Homoni hizi ni nzuri unapokimbia nyoka. Zikikaa juu kwa miezi, usingizi hupungua, shinikizo la damu huelekea kupanda, sukari mwilini huvurugika na kinga dhidi ya maradhi hudhoofika. Isitoshe, mtu mwenye upweke hujali afya yake kidogo: husahau dawa, hula ovyo au hukosa hamu ya kula, huvuta sigara na kunywa pombe zaidi.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya uchunguzi 148 uliohusisha watu zaidi ya 300,000. Waliona kuwa wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi katika kipindi cha uchunguzi uliozidi wa wapweke kwa asilimia 50. Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani huathiriwa na upweke, na kukadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka.

Mguso una nguvu kubwa zaidi kwa watoto wachanga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Colombia, alikuwa na upungufu wa mashine za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akawaambia akina mama wawafunge watoto vifuani, ngozi kwa ngozi. Utaratibu huo, unaofananishwa na mnyama kangaruu, sasa unatumika duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa kumweka mtoto mwenye uzito mdogo kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa robo. Mama ambaye hana shilingi moja anayo dawa hiyo. Hata baba anaweza kuitoa.

Hapa Afrika Mashariki tuna uchunguzi mwingine wa thamani. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, Uganda, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kuwa watoto wa Kiganda walionyesha furaha ya kumwona mama kwa namna zao, na baadhi yao walimlaki kwa kupiga makofi, huku mabusu na kukumbatia alikokuzoea kwao akikuona mara chache. Mtu aliyetafuta mabusu tu angesema watoto hawa hawana mapenzi. Jambo jingine aliloliona ni hili: watoto waliotulia na kuwategemea mama zao kwa imani walikuwa wa wale akina mama walioweza kumsimulia habari za mtoto kwa kina, yaani anapenda nini, analia kwa sababu gani, ananyamazishwa vipi. Walikuwa wamemtazama mtoto wao mpaka wakamjua.

USIIFANYE KAMA KUNDI LA DAMU

Sasa nitoe tahadhari. Siku hizi vijana wa mjini huulizana "lugha yako ni ipi?" kama watu wanaoulizana kundi la damu. Fikra ya Chapman ilitokana na uzoefu wake wa kuwashauri wanandoa. Haikutokana na utafiti wa maabara. Mwaka 2024 wanasaikolojia wa vyuo vikuu vya Canada waliupitia ushahidi uliopo, wakaona kuwa hautoshi kuthibitisha kwamba kila mtu ana njia moja kuu, wala kwamba njia ni tano tu, wala kwamba wenzi wenye njia inayolingana hufurahi zaidi. Watu wakiulizwa juu ya kila njia peke yake, wengi huzipenda zote.

Wataalamu hao walitoa mfano wa chakula, nami ninaupenda kwa sababu mgonjwa wangu yeyote anauelewa. Mwili unahitaji unga, maharagwe, mboga na maziwa. Mtu anaweza kupenda nyama kuliko mboga, lakini ukimpa nyama peke yake mwaka mzima ataugua. Vivyo hivyo, mke anayetumiwa pesa tu, au mtoto anayesifiwa tu bila kuketi na mzazi, ana utapiamlo wa aina yake. Pia mahitaji hubadilika. Mke aliyetoka kujifungua anahitaji mtu wa kumfulia na kumshikia mtoto alale. Aliyefiwa anahitaji mtu wa kuketi naye kimya. Mgonjwa wa muda mrefu anahitaji kuguswa mkono bila kuogopwa.

KIPIGO SI LUGHA YA UPENDO

Kuna jambo ambalo lazima niliseme waziwazi, kwa sababu hulisikia Lodwar, Kakuma na hata Nairobi. Wako wanaosema kuwa mume asiyempiga mkewe hampendi, au kuwa wivu wa kumfungia mke ndani ni ishara ya mapenzi. Mimi huyaona majeraha hayo. Mkono uliovunjika haujui nia ya aliyeuvunja. Hakuna mila wala kitabu cha ndoa kinachoweza kuugeuza ukatili kuwa upendo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inaukataza. Kugusana nako ni upendo pale tu mwenzako anapokutaka. Anayedai tendo la ndoa kwa nguvu, akisema hiyo ndiyo "lugha yake", anatenda ukatili. Anayedhulumiwa nchini Kenya anaweza kupiga simu nambari 1195 bila malipo. Kwa watoto ni 116.

UFANYE NINI?

Msomaji, hakuna vidonge vya jambo hili, lakini kuna hatua rahisi ninazowapa wagonjwa wangu.

Kwanza, tazama mwenzako analalamikia nini. Lalamiko ni ramani. Anayesema "hukai nyumbani" anataka muda. Anayesema "hunisaidii" anataka matendo. Anayesema "hata asante hukusema" anataka neno.

Pili, tazama yeye mwenyewe hutoa nini. Huenda mama yako anayekufungia samaki wa Ziwa Turkana kila unaporudi Nairobi anakuambia jambo ambalo hawezi kulitamka. Pokea samaki huyo kwa mikono miwili, na usimwambie kuwa mjini wako tele.

Tatu, uliza. Swali langu ni moja: "Ni siku gani uliona kweli kuwa ninakupenda, na nilikuwa nimefanya nini?" Jibu aghalabu humshangaza aliyeuliza. Nimemsikia mke akitaja siku ambayo mumewe alimshikia mwavuli kwenye foleni ya kliniki, huku mume akidhani atataja televisheni aliyoinunua.

Nne, jifunze njia moja usiyoizoea, kidogo kidogo. Mwanamume asiyezoea maneno asilazimishwe kuwa malenga. Aanze na "umeamkaje?" na angoje jibu. Asiyezoea kukumbatia aanze kwa kumshika mkono mama yake mgonjwa.

Tano, nawe sema unachokitaka. Wengi hungoja mwenzao abahatishe, kisha humhukumu kwa kukosea.

Vilevile, jua mpaka wa ushauri huu. Ukiona kwa majuma mawili au zaidi kuwa wewe au mtu wako hana furaha na lolote, halali au analala kupita kiasi, hali, hujiona hana thamani, au anasema afadhali asingekuwepo, nenda kituo cha afya upesi. Maneno matamu peke yake hayatibu sonona. Wala mtu asiache dawa za shinikizo, kisukari, kifua kikuu au Ukimwi kwa kuwa nyumbani sasa kuna amani.

Kwa wenzangu wauguzi na madaktari nina neno moja. Kabla ya kuongeza dawa, tumwulize mgonjwa anaimezaje, na nani humkumbusha. Maswali hayo huchukua dakika mbili. Mimi yalinichukua miezi minne kwa sababu sikuyauliza.

Je, yule mama wa Lodwar? Mumewe hakuacha kazi, maana watoto lazima wale. Lakini tulipatana hivi: kila jioni, saa mbili, amalizapo kula, humpigia mkewe simu. Siku za kwanza, mama alinieleza akicheka, hakujua la kusema. Alikuwa akimsomea idadi ya mawe aliyoyajenga. Mke naye alianza kumwuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza: alilala wapi, na alikula nini. Akajua habari za stoo ya saruji. Siku ya Ijumaa, pesa zinapoingia kwenye simu, sasa anajua zimetoka katika usingizi wa nani.

Jambo la kwanza ambalo mume huuliza katika simu hiyo ni, "Umemeza?" Juzi shinikizo lake lilikuwa 132 kwa 84. Dawa ni zile zile nilizomwandikia mwanzoni. Kilichobadilika ni kuwa anazimeza.